Dirisha la Baba

Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu Kichwa Ngumu,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku unajidai mzima? Sisi huku tunakwenda hivyo hivyo. Watoto wazima, shemeji yako mzima, mimi mgongo tu unanisumbua.

Baba karuhusiwa hospitali Alhamisi. Yuko kwangu, chumba cha mbele, kitanda kinatazama mlango. Kiharusi kimemwachia mkono wa kushoto na akili zake zote. Kilichochukua ni mdomo. Mtu aliyesimama uwanja wa mnada akauza kabati lisilo na mlango, na mnunuzi akaondoka anashukuru, leo akitaka kuvutiwa shuka anasema "ba, ba, ba" mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mimi nakisia tu. Namletea maji, siyo. Namletea chupa ya mkojo, siyo. Jana karusha kikombe ukutani, kisha kalia. Sijawahi kumwona Baba analia. Sikujua nikae au nitoke, nikatoka.

Muuguzi anayekuja kumfanyisha mazoezi anasema mgonjwa wa hivi husaidiwa na ubao wa maneno, awe anaonyesha kwa kidole. Nikamchorea kwenye karatasi, akaisukuma ikaanguka. Lakini ile kompyuta ya mezani ya ofisini kwake, aliyojiuzia mwenyewe mnadani, nimeileta hapa, na mausi anaimudu kwa kushoto. Wewe si ndiyo kazi uliyoikimbilia huko? Basi mtengenezee kitu akibonyeza kimsemee.

Na usiniambie nimwekee simu sikioni. Mara ile ulimsikia anahangaika na maneno ukakata. Simu nilikuwa nimeishika mimi, kwa hiyo usinidanganye kwamba ni mtandao.

Dada yako

*

Jumapili, 11 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona. Pole na mgongo, pole na kikombe, na pole zaidi kwa hilo la kumwona analia. Ni kweli nilikata. Sikujua nimwambie nini, na yeye hakuwa na cha kunijibia.

Usinione fundi. Mchana niko duka la kutoa nakala, nawachapia watu barua zao za kuomba kazi; jioni ndiyo naingia darasani. Mpaka juzi nilichoweza kutengeneza ni kijidirisha chenye kitufe kimoja kinachosema "Karibu". Tunatumia lugha ya Python. Unaandika mistari michache kama unamwagiza mtu: tengeneza dirisha, tengeneza kitufe, kipachike hapa, kikibonyezwa fanya hivi. Ukisahau kukipachika, kitufe kipo lakini hakionekani. Cha kwanza nilikitafuta jioni nzima, mwalimu ananitazama tu na kucheka.

La Baba nimeliambatisha. Linajaa skrini yote, vitufe vikubwa vikubwa: Maji, Chakula, Naumwa, Nigeuze, Choo, Ndiyo, Hapana. Sauti ni yangu, sikuwa na mwingine wa kumrekodi. Nilijifungia stoo ya duka katikati ya maboksi ya karatasi, nikasema "Naumwa", "Naumwa", mpaka mwenye duka akagonga mlango kuuliza naumwa nini.

Kuhusu kuja, Dada, usianze. Ulikuwepo uwanjani siku ile. Nilipomwambia sitaki kurithi nyundo yake ya mnada, alinisimamisha mbele ya wateja kama bidhaa, akasema nisikanyage kwake mpaka aniite mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikasubiri aniite. Sasa mdomo wenyewe hana. Nikija bila kuitwa nikamkuta kalala, hawezi hata kunifukuza, si nitakuwa nimemwonea? Akinitaka, akinikataa, nataka iwe ni yeye aliyeamua.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu hazinitoki vizuri leo, lakini nakusalimu. U mzima? Baba ana uvimbe upande mmoja wa uso.

Siku za mwanzo tulifurahi, sitaficha. Akabonyeza "Chakula", sauti yako ikatoka, wanangu wakapiga makofi. Leo nilikuwa uani naanika nguo. Mguu ukamkaza, akabonyeza "Naumwa". Unajua mkono wake unatetemeka na subira hana. Akabonyeza tena na tena. Dirisha likapauka, vitufe vyote vikafa, juu pameandikwa halijibu. Hakuna sauti hata moja iliyonifikia. Nadhani alijaribu kuinuka apige meza ili nisikie. Nimemkuta chini, kati ya kitanda na meza, mausi bado kaishika.

Hakuvunjika, muuguzi kaja kumwangalia. Ila alivyoniangalia nilipomwinua! Kama mtu aliyeita watu wake na watu wake wakamsikia wakanyamaza. Nilikutukana, wewe na darasa lako. Mungu anisamehe, lakini sikuyafuta matusi yote.

Dada yako

*

Jumanne, 5 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, mteja ananiita simsikii. Uvimbe unaendeleaje? Anakula?

Kosa ni langu, usiilaumu kompyuta. Dirisha hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Mimi nililiagiza liseme neno mpaka mwisho ndipo lirudi kusikiliza. Likiwa linasema, masikio limeziba, na kila anachobonyeza kinajipanga foleni mpaka linazidiwa. Hapa kwangu nilibonyeza mara moja, nikasubiri kwa adabu, nikaona mambo safi. Sikumfikiria mtu mwenye maumivu. Mwalimu anasema wanafunzi wote hukosea hapo. Sawa, lakini wanafunzi wengine madirisha yao yanajumlisha namba tu, hayamsubiri mzee kitandani.

Nimeitenga sauti ijiendee kivyake, dirisha libaki linasikiliza muda wote. Na "Naumwa" sasa inaanza na kengele, utaisikia hata ukiwa uani. Nimelijaribu kwa kubonyeza ovyo ovyo kama mwendawazimu na halikufa.

Mwambie nimekosa. Hapana, usimwambie kitu. Badilisha programu tu.

Mdogo wako

*

Jumatano, 27 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Baridi imepungua, au bado unavaa masweta mawili kama kizee? Uso wa Baba umerudi sawa. Dirisha lako halijafa tena, na matusi yaliyobaki nimeyafuta.

Ila kuna jambo. Anabonyeza "Maji", nakimbia na glasi, anageuza uso. Narudi jikoni, "Maji" tena. Nikamwambia Baba, mimi nina mgongo, usinifanyie mchezo. Nikadhani umeharibu kitu, kitufe kinajibonyeza chenyewe. Jana nikakaa pembeni nikamwangalia. Anabonyeza, anafumba macho, anasikiliza. Kisha "Nigeuze", na hataki kugeuzwa. Kisha "Hapana", kisha "Maji" tena. Mwenzangu, yule hana kiu. Anakusikiliza wewe!

Njoo. Nauli nitakutumia hata mimi. Kama unataka kuitwa kwanza, basi nifundishe niweke kitufe kiseme "Njoo", uone kama hatakibonyeza mpaka kichakae.

Dada yako

*

Jumanne, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wasalimie wapwa zangu, na pole na mbio za glasi. Masweta ni matatu sasa.

Nimeisoma barua yako nikatoka nje kidogo, macho yalikuwa hayaniruhusu kuendelea na kazi. Lakini sikiliza. Ukiweka kitufe cha "Njoo" naye akakibonyeza, nani kaita? Neno umeliandika wewe. Anabonyeza kila kitu, umesema mwenyewe. Labda anapenda kunisikia. Labda kila akinisikia hasira zinampanda upya. Sisi wawili tumemjazia mdomo maneno tuliyoyachagua wenyewe, akisema chochote ni letu.

Mwekee kisanduku kitupu. Chini yake nimepanga herufi zote, akigusa moja inaingia kisandukuni. Kisanduku kiweke wewe, mistari nimeiandika hapo chini, wa kukitengeneza na wa kukipachika, uiingize pale penye alama. Nataka ujue kufanya, siku nyingine huenda nisipatikane. Chochote atakachoandika niletee kilivyo. Usiongeze, usipunguze. Hata kikiwa kibaya, Dada, niapie.

Mdogo wako

*

Jumanne, 30 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Umeamkaje? Umekula? Najua nazungukazunguka.

Kisanduku nimekiweka. Nilihangaika, nikaona hakuna kitu, nikakutukana tena, kumbe sijakipachika. Kilipotokea nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Baba akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaendesha gari. Nikamwambia: Baba, hapa sema unachotaka, mwanao anasubiri. Siku nyingi hakukigusa. Leo mchana akanisukuma mkono, akaanza. Herufi moja, anapumzika, anatafuta nyingine, anaikosa, anarudi. Jasho lilimtoka usoni kama mbeba mizigo. Alipochoka kabisa akaachia mausi, usingizi ukamchukua pale pale amekaa. Nikanakili, nikafunga dirisha, nikamlaza.

Nilikuapia, na sijaongeza wala kupunguza. Ameandika TOA SAUTI YAKE.

Nimekaa na barua hii tangu mchana nikitamani kuwa mwongo. Usinyamaze, tafadhali.

Dada yako anayekupenda

*

Alhamisi, 2 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeambatisha dirisha lisilo na sauti yangu. Kengele ya "Naumwa" nimeiacha, hiyo si mimi. Maneno mengine yanajitokeza kwa maandishi makubwa, utayasoma ukiingia chumbani.

Usijilaumu, ulitimiza nilichokuomba. Bora nimejua. Nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya tiketi, mjinga mimi. Usiniandikie habari zake kwa sasa. Akizidiwa, hapo niambie.

Mdogo wako

*

Jumapili, 19 Mei

Mdogo wangu,

Uliniambia nisikuandikie. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo soma. Hujambo? Sisi wazima, isipokuwa Baba anadhoofika. Muuguzi hasemi mengi, ila siku hizi anakaa muda mrefu akimpima.

Kesho yake baada ya barua ile aliamka akaomba mausi kwa ishara. Nikamfungulia dirisha. Akakiona kisanduku kitupu, akawaka! Akapiga meza, akanifokea "ba, ba", akanipa mgongo. Nikajua bado ana hasira na wewe. Halafu dirisha lako bubu likafika, nikaliweka, nyumba ikanyamaza. Akabonyeza "Maji". Akaangalia spika. Akabonyeza tena. Akainua mkono akagusa spika, akanitazama mimi. Nami kwa uchungu wangu nikamjibu vibaya: si umesema mwenyewe iondolewe? Akatikisa kichwa mpaka nikaogopa. Toka siku hiyo hakuigusa tena mausi, hata mguu ukimkaza anauma shuka tu.

Leo baada ya chakula kaomba tena. Safari hii aliuvuta mkono wangu, akaukandamiza kwa uzito wote wa kiwiko chake kibovu, nisiondoke, nisifunge kitu. Ndipo nikaelewa, mdogo wangu, nikajisikia kufa. Siku ile alikuwa hajamaliza. Alipumzika tu. Mimi nikalifunga dirisha, na kisanduku tulichomtengenezea hakikumbuki kitu kikifungwa. Hukuniambia, nami sikuuliza. Mzee wa watu kaamka, kakuta jasho lake lote limefutika, na binti yake kasimama pembeni hajui kitu.

Kaanza upya tangu mwanzo. Katikati alilala, sikugusa kitu, nilikaa nimeshikwa mkono, mgongo unawaka moto, watoto nikawafukuza kwa macho. Alipoamka akaendelea. Nakuandikia kilivyo, sijaongeza wala kupunguza:

TOA SAUTI YAKE NAMTAKA MWENYEWE AJE ASEME HAPA

Kisha akanyoosha kidole kwenye kiti kilichoko kando ya kitanda.

Dirisha sijalifunga. Nimeubandika waya wa umeme kwa gundi ukutani mtoto asije akauchomoa. Usiniandikie kwamba umefurahi, wala usitume programu mpya. Ukinijibu hii barua, sitaifungua.

Dada yako