Atarudi Jioni

Virginia, Jumanne

Wifi yangu Roberta,

Semina inaendelea, ila mimi situlii. Mkate wa mahindi asubuhi, mkate wa mahindi jioni, na kofia hii ya kitambaa inaniwasha. Sisi walimu tumevishwa magauni ya enzi za ukoloni wa Mwingereza, mimi nikapewa kuchambua sufu. Wafanyakazi wa kijiji hiki cha makumbusho huigiza watu wa zamani kutwa nzima, nasi tumeambiwa tuwajibu vivyo hivyo.

Leo mama mmoja anayesokota nyuzi akanichokoza: "Wewe bibi, mbona macho juu juu? Mumeo yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko shambani. Atarudi jioni."

"Basi kazana, asije akakuta hujapika!"

Wakacheka, nikacheka nami. Tangu hapo mikono ikatulia, nikamaliza kikapu kizima cha sufu.

Jioni wenzangu walivua magauni. Mimi nilikaa mlangoni na kofia yangu, nikitazama barabara.

Najua tangu tumzike Wendell unataka tuzigawe nguo zake. Ziache kwanza, wifi. Nimeshasema anarudi.

Mke wa kaka yako,
Marlene