Jumamosi Kumi na Nane za Kuchaji Gari

New Hope, Minnesota
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Avelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na darasa lako la sita halikusumbui kuliko tulivyokusumbua sisi. Je, ng'ombe amezaa? Mara ya mwisho ulituambia bado siku chache, na tangu hapo Mama ananiuliza kila Jumapili kana kwamba mimi ndiye daktari wa mifugo. Sisi huku hatujambo. Mama anafanya zamu mbili kila mwisho wa wiki katika nyumba ya kutunzia wazee kule Plymouth. Baba bado yuko zamu ya usiku hospitalini. Mimi nimeanza darasa la nane, na mwalimu wangu wa sayansi amenisifu kwa kuuliza maswali, ingawa Jumatano aliniomba nipunguze kidogo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nimempa Mama Kitwana wa kanisani kwetu, anayesafiri Jumanne na atakuwa Moshi Alhamisi. Simu ingefika upesi zaidi, lakini Shangazi, uniwie radhi, simu yako huwa unaiweka sauti ya nje, na jambo hili sitaki lisikiwe na wateja wote wa saluni ya jirani. Nina ombi. Nataka unisemee kwa Baba Jumamosi hii inayokuja. Hata hivyo ulinifundisha kwamba mtu hatangulizi ombi akaacha habari nyuma, kwa hiyo nitaanza na habari.

Unalikumbuka gari la umeme la Baba, lile ulilolicheka kwenye picha ukauliza kama usiku analiweka kitandani pamoja na simu. Mwezi wa nne Baba alijiunga na chama cha wenye magari kama hayo wa Minneapolis na Saint Paul. Kila mwaka wana mashindano, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Mei hadi ya mwisho ya Agosti. Anayetembelea vituo vingi zaidi vya kuchajia ndiye mshindi. Kituo huhesabiwa mara moja tu, na lazima gari lipokee umeme kwa dakika kumi, kisha unapiga picha kioo cha chaja na kuituma kwenye fomu ya chama. Mshindi hupewa kikombe na kupigwa picha. Mama aliuliza kama katika kikombe hicho kuna kitu. Baba akasema hamna. Mama akasema basi, na vikombe kabatini vipo.

Lakini Baba alikitaka kile kikombe. Siku moja tukiwa tunangoja dakika zetu kumi, aliniambia kwamba tangu darasa la kwanza hajawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Alikuwa wa pili, au wa tatu, na wewe ndiye uliyekuwa ukimsomea Babu ripoti kwa sauti. Alisema akicheka, lakini alikumbuka hata majina ya waliomshinda.

Akanifanya mimi karani wake. Kazi yangu ilikuwa kupanga njia, kupiga picha na kutuma fomu, kwa sababu yeye hutoka zamu saa moja asubuhi na macho yake huwa mekundu. Tukifika kituoni alichomeka waya, akashusha kiti, akalala dakika kumi, nikamwamsha, tukaenda kingine. Siku nyingine tulifanya saba, siku nyingine kumi na moja.

Shangazi, sikujua kwamba jiji lina migongo mingi namna hii. Vituo havikai mbele ya vitu, vinakaa nyuma: nyuma ya maktaba, nyuma ya duka la magodoro, chini ya maghorofa ya ofisi ambako Jumamosi hakuna mtu isipokuwa bata. Kule Maple Grove kuna kimoja kwenye uwanja wa nyumba ya mazishi. Baba alivua kofia na kuzima redio mpaka dakika zikaisha. Kingine kiko kwenye kiwanda kidogo cha bia. Baba alilaza kiti kabisa asionekane na mtu wa kanisani, na alipoinuka akakuta mzee wa kanisa amelaza cha kwake katika gari la pili. Walisalimiana kwa heshima, na hakuna aliyeuliza. Nilijifunza pia kwamba betri ikishiba chaja hukataa kuilisha, kwa hiyo mara nyingine tulilazimika kuzunguka ziwa mara mbili au tatu ili gari lipate njaa. Hapo Baba alikuwa macho, na ndipo tulipozungumza. Nilimuuliza mambo mengi, kwa mfano kama wagonjwa wa usiku huogopa zaidi kuliko wa mchana. Alisema huogopa sawasawa, ila usiku husema.

Ujue kwamba siku nyingine za wiki simwoni Baba. Naenda shule akiwa anaingia mlangoni, na nikirudi amelala, na akiamka ni saa ya kuondoka. Tunaachiana vikaratasi kwenye friji. Jumamosi zamani ilikuwa siku yake ya kulala hadi jioni.

Mshindani wake mkubwa alikuwa Anko Nahashon, Mkenya wa Nyeri, muuguzi katika wodi moja na Baba. Anko Nahashon hana subira. Baba akikuta mtu kituoni humsalimu kwanza, humuuliza ametoka wapi, na akisikia betri yake iko chini humpisha, hata kama sisi tumefika mapema. Nilimkumbusha kwamba kupisha hakumo katika sheria. Alisema kumo katika sheria nyingine. Siku tuliyokutana na Anko Nahashon pale Plymouth, alikaa akitutazama tukimpisha bibi mmoja, kisha akamwambia Baba, “Tumsifu, wewe ungesalimia hata chaja kama ingekuwa na mkono. Mimi nafika, nachaji, nahepa.” Baba akamjibu kwamba ndiyo maana hata mbwa wa pale hamjui. Walicheka hadi yule bibi akacheka bila kuelewa.

Katikati ya Julai tulimpita Anko Nahashon kwa vituo vitatu. Baba alifurahi sana, akaninunulia aiskrimu. Tukiwa tunakula alisema tukimzidi kwa vitano atapumzika Jumamosi mbili tatu, alale kama watu wengine. Nilisema ni vizuri. Aiskrimu ilikuwa ya embe, na sikuimaliza.

Hatukumzidi kwa vitano. Wiki iliyofuata Anko Nahashon alikuwa mbele yetu kwa kimoja, na ikawa hivyo, mbele kwa kimoja, mbele kwa viwili, mpaka Agosti. Jumamosi ya mwisho Baba alitoka zamu akanywa chai akiwa amesimama, tukavuka mto hadi upande wa Saint Paul na kuendelea mbele zaidi. Tulifanya vituo kumi na viwili, idadi ambayo hatukuwahi kuifikia. Alikuwa haamki nikimgusa bega, ilibidi nimwite kwa jina lake. Matokeo yaliposomwa wiki iliyofuata, katika bustani ambako chama kilikuwa kinachoma soseji, Anko Nahashon alikuwa na mia moja arobaini na tatu, na Baba mia moja thelathini na tisa.

Anko Nahashon alisema mbele ya watu wote kwamba ndugu yake angepunguza salamu tano tu, kikombe kingekuwa chake. Baba akasema na yeye Nahashon angeongeza tano, angekuwa na mtu wa kumshangilia. Kisha akapiga makofi kuliko wote. Garini alirekebisha kioo cha juu kwa muda mrefu, ingawa hakuna aliyekuwa amekigusa, akasema kuwa wa pili si vibaya.

Sasa Shangazi, utakumbuka mwaka ule ng'ombe wa Mzee Ndesamburo alipoingia shambani kwako akala maharage yote. Ulisema hutamsamehe na utampeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Halafu akaja na shemeji yake mkubwa, na yule shemeji ameshika jani la isale. Ulikuwa bado na hasira, lakini ulilipokea. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia kwamba kwetu Uchagani anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, awe amekosewa nini. Nilikuwa na miaka minane na nilidhani jani lina dawa.

Isale lipo hapa. Limo kwenye chungu katika ofisi ya kanisa, na kibandiko chake kina jina jingine kabisa. Jumapili iliyopita nilimwomba Susan, katibu wa kanisa, jani moja. Aliuliza kama ni kwa ajili ya somo la sayansi. Nikamwambia ni la kuomba msamaha, naye akanipa mkasi.

Jumatatu asubuhi, Baba alipoingia kutoka kazini, nilimpa lile jani kwa mikono miwili. Hakuvua hata koti. Alilitazama, akanitazama mimi, akalipokea. Nilifungua mdomo nimweleze, akanizuia. Alisema, “Jani la isale halitembei peke yake, Elinaja. Nani anakusemea?”

Nilikuwa nimekumbuka jani na kumsahau shemeji.

Akasema, “Basi nitamsubiri msemaji wako.” Akaliweka juu ya friji. Mama, ambaye kwao Singida hawana desturi hii, aliuliza kama ni mboga, na Baba akamwomba asiliguse. Wiki nzima limekaa pale, nalo linaanza kukunjamana kwenye ncha. Baba hajaniuliza nimekosa nini. Hata kwenye vikaratasi vyetu hajauliza. Ameandika tu kwamba wali umo kwenye jiko.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Baba hakuwa wa pili. Baba alifika vituo mia moja arobaini na nane. Tisa nilivificha mimi.

Nilianza siku ile ya aiskrimu. Jioni nilipokuwa natuma fomu nilibakiza viwili, kwa sababu nilijua nikivituma Baba atamzidi Anko Nahashon kwa vitano na Jumamosi inayofuata atalala. Wiki iliyofuata nikabakiza viwili tena. Alikuwa akiniuliza tumefikia ngapi, namtajia, na hakukagua hata mara moja, kwa kuwa ni mimi. Sikukusudia ashindwe. Nilipanga siku ya mwisho nivitume vyote tisa pamoja, na nilishapiga picha ya uso wake akilini, jinsi atakavyoshangaa. Siku hiyo ya mwisho fomu ilivikataa. Sheria inasema picha isizidi siku kumi na nne, nami cha tisa nilikibakiza tarehe tisa Agosti. Mimi ninayesifiwa kwa maswali sikuwa nimeuliza hilo. Baba alikuwa sebuleni akivua viatu, akauliza kama zote zimekwenda. Nikasema zimekwenda.

Mia moja thelathini na tisa ni hesabu yangu, Shangazi. Yake ni ile nyingine, na picha zote ninazo. Anko Nahashon pia anastahili kuambiwa, na nitamwambia mimi mwenyewe, lakini Baba kwanza.

Limebaki jambo moja. Jana ilikuwa Jumamosi, na mashindano yamekwisha wiki mbili. Nilijua Baba atalala. Alirudi kutoka kazini, akanywa chai, akanawa uso, kisha akachukua funguo ukutani akasimama mlangoni. Akaniuliza leo twende wapi. Nilimkumbusha kwamba mashindano yamekwisha. Akasema anajua. Nikamwambia nina kazi nyingi za shule. Alirudisha funguo taratibu, akaenda kulala. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa jikoni mpaka Mama akarudi, na lile jani liko juu ya kichwa changu.

Ombi langu ni hilo. Wewe ni dada yake mkubwa, na yeye hukusikiliza hata anapobisha. Mpigie Jumamosi hii saa kumi jioni ya huko kwenu. Hapa itakuwa saa mbili asubuhi, naye atakuwa ndiyo kwanza anaingia. Mwambie idadi, mwambie tisa ni zangu. Mwambie pia sababu, kwa maana sababu ndiyo inayonishinda kuitamka mbele yake. Ukiweka sauti ya nje safari hii, sitakulaumu.

Nisalimie Babu, mwambie nasoma kwa bidii. Nisalimie watoto wa darasa la sita hata kama hawanijui. Mama anakusalimu sana na anasema asante kwa kahawa. Mama Kitwana atakupa pia soksi nene za buluu, ni za goti, huvaliwa juu kidogo ya shavu la mguu. Mungu akulinde, na ng'ombe ajifungue salama kama bado.

Jumamosi nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za nje ili usemi wako usinikute katikati. Lakini nitakuwa nimekwisha kuvaa viatu, kwani kama ataniuliza tena twende wapi, safari hii nataka niweze kumjibu.

Wako akupendaye na kukuheshimu,
mtoto wa mdogo wako,

Elinaja Tumsifu