Korongo Wamemaliza Chenji ya Duka

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hapa ninapoandika moyo unanidunda kwa furaha na mke wangu hanisemeshi. Mimi nina duka la rejareja, nauza sukari, sabuni na soda baridi, na tangu itolewe ile sarafu mpya ya ukumbusho, yenye picha ya korongo, usingizi umenihama, kwa sababu niliona kwenye simu mtu anaiuza moja kwa bei ya kiwanja, kiwanja, mshauri, na mimi napewa sarafu hizo kila siku na watoto wanaonunua biskuti! Basi kila korongo anayeingia dukani hatoki, namtia kwenye ndoo ya rangi chini ya kaunta, na nikifunga duka nawasugua kwa dawa ya meno mpaka wanang'aa, nawapanga mezani, nawatazama, nacheka peke yangu. Tatizo ni kwamba chenji imeisha, na mama watoto anawarudishia wateja peremende, hata juzi bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, meno sina, hizi nitazitafuna kwa ufizi?" akavuka barabara kwenda duka la ng'ambo, na wengine wakamfuata, na mke wangu akanigeukia akasema, "Baba watoto, hao korongo wako wanataga lini?" Nikamwambia mvumilivu hula mbivu, naye akajibu, "Mbivu zote zimeshavuka barabara." Sasa nimepata mtu wa kununua friji yetu ya soda, anakuja Jumamosi, na kwa fedha hizo nitakwenda benki niombe korongo watupu, lakini mke wangu ameapa kwamba friji ikitoka mlangoni, naye anatoka. Nimwelezeje aelewe kwamba tumekaribia kutajirika?

Mfuga Korongo

Mfuga Korongo,

Mkeo ameelewa. Asiyeelewa ni wewe.

Furaha yako siicheki. Nilipomaliza kusoma barua yako niliumwaga mkoba wangu kitandani, nikamkuta korongo mmoja, nami nikamgeuza na kumgeuza kama bibi harusi anayetazama pete yake. Ni mzuri kweli! Kisha nikaenda naye sokoni, na muuza nyanya akanipimia nyanya za thamani ile ile iliyoandikwa juu yake. Hata moja ya nyongeza hakunipa.

Bei anayoitaja muuzaji si bei anayoitoa mnunuzi. Hata mimi naweza kutangaza kwenye simu kwamba kandambili zangu ni bei ya nyumba, na nikazivaa mpaka zikatike. Mwandikie huyo mtu wa kiwanja, mwambie unayo ndoo nzima na utamwuzia kwa nusu ya bei yake. Utaona atakavyonyamaza. Sarafu inayoletwa na kila mtoto wa biskuti si adimu. Inayopanda bei ni ile iliyotolewa chache, au iliyotoka na kasoro, na wakusanyaji huitaka ikiwa vile vile ilivyotengenezwa. Na wewe, mtu mzima, umezisugua kwa dawa ya meno! Kama ndoo hiyo ilikuwa na bahati, bwana, umeipiga mswaki ikaisha.

Nisikilize sasa. Leo hii mwaga ndoo kwenye droo ya chenji, mkeo akiwa anakutazama, na umwombe radhi kwa maneno, si kwa kukohoa. Wachache ambao hujawagusa, kama wapo, watie kwenye bahasha, uwatazame na wanao. Raha hiyo haina ubaya, na gharama yake ni biskuti tu. Yule bibi mpelekee chenji yake nyumbani kwake, usimtume mtu. Na mnunuzi wa friji akija Jumamosi, mwambie haiuzwi, mfungulie soda baridi kutoka humo humo, pokea noti yake, umrudishie chenji kamili, korongo juu ya korongo.