Vitone vya Lowell

Duluth, theluji bado imetung'ang'ania

Mdogo wangu Corrine,

Tumechoka, lakini tunapumua. Jiko la zamani limekufa. Hili jipya ni kioo kitupu, halina hata kitufe, na mimi kipofu nipapase nini? Shemeji yako Lowell akanibandikia vitone vya plastiki, vidole vijue pa kubonyeza.

"Haya bibie, pika. Ukiniunguzia nyama, usisingizie macho."

"Wewe mwenye macho si ndiye uliyetia chumvi kwenye kahawa?"

Simu bado inanisomea kila kitu, mbio kama cherehani. Lowell haambulii hata neno.

Jumatatu nilikuwa nasafisha bafu. Nikagusa mashine yake ya kunyolea ndevu: ina kitone. Chupa ya dawa zake, kitone. Corrine, vile sikuviomba mimi. Na gari halijatoka tangu Krismasi, eti barabara mbaya.

Hajaniambia, nami sijamuuliza. Nimepunguza tu kasi ya simu, isome neno moja moja, kama inamfundisha mtoto. Jana alisogeza kiti, akasikiliza habari mpaka mwisho. Anadhani masikio yangu ndiyo yamezeeka.

Dada yako,
Ardis