Mwanangu Mtawa, Njoo Harusini

Mwanangu Elia,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali lililoninyima raha: "Baba, nisije kwenye harusi ya dada yangu Neema, nisikuaibishe?" Nakujibu kwa maandishi, na barua hii nitaisoma mbele ya ukoo, maana wanaonong'ona nawajua.

Unakumbuka ulivyorudi hapa Mlalo kutoka Sri Lanka, ulikokuwa mtawa wa Kibuddha, kichwa umenyoa, umejifunga shuka lako la rangi ya karoti? Ulinipa shikamoo ukiwa bado barabarani. Mimi nilikuwa nimeshachinja beberu, kwani mtoto wa mbali hupokelewaje? Ukalitazama sinia, ukasema taratibu, "Baba, mtawa hali nyama ya mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake. Naomba makande." Shangazi yako akasonya: "Amemkataa baba yake." Nilikasirika, sikufichi. Nyama niliila nimekupa mgongo.

Kesho yake tukaenda kuvuna viazi, mimi nachimba, wewe unaokota, maana sheria yenu inamkataza mtawa kuchimba ardhi. Nikakuuliza kama unaabudu sanamu. Ukasema Buddha hakuwa Mungu. Alikuwa mtu, mwana wa mfalme, aliyeona uzee, ugonjwa na kifo akashindwa kukaa ikulu kwa raha. Akatafuta mpaka akaamka, na Buddha maana yake ndiyo hiyo, aliyeamka.

"Akaona nini?"

Kwamba maisha yana mateso. Kwamba mateso huletwa na tamaa, na kung'ang'ania visivyodumu. Kwamba yanaweza kukoma, na njia ipo: kuona mambo yalivyo, kusema kweli, kufanya kazi isiyomdhuru mtu, kuituliza akili. Usiue, usiibe, usizini, usidanganye, usilewe. Nikakwambia mengi ya hayo nimeyasikia kwa mchungaji tangu kipaimara, ukacheka. Kuhusu kuzaliwa tena, kwamba matendo ya mtu humfuata hadi maisha mengine, tulibishana mpaka mchana na hukunishawishi. Mimi ni Mlutheri na nitazikwa Mlutheri.

Halafu jembe likamfukua fuko, mwizi wa viazi vyangu. Nikainua jembe. Ukamfunika kwa viganja, ukaenda kumwachia kichakani, karibu na shamba la jirani. Jirani hajui mpaka leo.

Wiki ile ile shangazi yako akafiwa na mumewe. Sisi wote tulimwambia ajikaze. Wewe ulikaa naye kutwa nzima, kimya, ukamwacha alie. Ulimwambia jambo moja tu: "Tulichopewa hakidumu, shangazi, na kukililia si kosa." Jioni hiyo akala, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hapo ndipo nilipokuelewa, mwanangu.

Sasa kikao cha harusi kimependekeza kwamba kwenye utambulisho nikuruke, wageni wa Bumbuli, upande wa bwana harusi, wasije wakauliza maswali. Mimi mzee wa kanisa, ati nitaharibu jina. Jina gani? Nina mwana asiyelewa, asiyedanganya, asiyetamani cha mtu, anayeweza kukaa na mfiwa bila kumhubiria. Kuna wazazi wanaomlilia Mungu usiku na mchana wampate wa namna hiyo, na mimi nimfiche?

Njoo, na uje ulivyo. Nitakapopewa kipaza sauti nitawaambia wasimame watoto wangu, na jina la kwanza nitakalolitaja ni lako.

Nakungoja kwa fahari,
Baba yako