Walidhani Tunarekodi

Baba Njeri,

Jana nilisimama kortini Thika nikasema yote. Yule dalali wa ploti aliketi mbele yangu, ametulia kama mtu anayengoja kunyolewa. Nilishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Haikuwa woga. Ningepewa nafasi ningemrukia shingo.

Miaka yote tuliyoigiza mume na mke kwenye vichekesho vya TV, wewe ukiandika, mimi nikikugombeza jikoni, watu wa Ruiru waliniita mkeo hata mbele ya Mama Njeri, mkeo wa kweli, naye akacheka tu. Kisha ukaandika kile kipindi cha dalali anayeuza ploti moja kwa watu wengi. Nilikuuliza, "Si watu watamjua?" Ukanijibu, "Wacha wamjue. Yule mama wa mtaa wa Kimbo aliyemuuzia ploti alibomolewa nyumba watoto wakiwa ndani."

Siku ile tulikuwa kwenye vibanda vya nyama choma vya Kamakis, tunangoja nyama. Walikuja watatu, mchana kweupe. Wa kwanza alikutwanga rungu ya mdomo, meno yakaruka mezani. Ulianguka vile ulivyozoea kuanguka kwenye kipindi, miguu juu, na watu wakacheka. Wakacheka, Baba Njeri. Wakatoa simu. Walidhani tunarekodi. Nikapiga nduru, wakazidi kucheka, maana nduru hiyo wanaijua, ni ile ya kwenye TV. Sikuwa na nyingine.

Nilinyakua chupa ya soda nikampasua mmoja kichwa. Damu ilipowarukia watu wa meza ya pili ndipo wakaelewa. Mchoma nyama akaja mbio na kisu chake, na wale watatu wakatoroka. Lakini rungu ya kisogo ulikuwa umeshapigwa. Nilikulaza mapajani. Ulitaka kusema kitu, ikatoka damu.

Zile video ndizo zilizowanasa. Mmoja wao amekiri kwamba dalali ndiye aliyewatuma. Zilipochezwa kortini, vicheko vilisikika vizuri kuliko mapigo. Mama Njeri alitoka nje akatapika. Hukumu bado, lakini jana dalali alirudishwa rumande, amefungwa pingu.

Mimi nimebadilika vibaya. Mtu akicheka karibu nami nakunja ngumi. Juzi sokoni Kiuu nusura nimpige muuza mboga, na mama wa watu hakuwa amenikosea.

Wakubwa wa stesheni walitaka tumwondoe dalali kwenye kipindi, mambo yapoe. Nimewakatalia. Sasa naandika mimi, na dalali nitamwigiza mimi mwenyewe, na mto wa kulalia tumboni uwe kitambi chake. Nimejaribu koti lake la kuigizia mbele ya kioo, nikatamani kukivunja kile kioo na uso uliokuwa ndani yake.

Lakini nitalivaa. Nakuahidi watu watamcheka huyo mtu hadi akose pa kuweka uso, na safari hii watajua wanacheka nini.

Lala, mume wangu wa kuigiza. Mama Njeri hatakaa peke yake nikiwa hai.

Wairimu