Kiatu Kilichofungwa na Meza

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Meza usiirudishe jikoni, iache hapo hapo mlangoni. Kiatu kilichofungwa kwenye mguu wake usikiguse.

Leo Kidege wetu kafunga kamba za kiatu mwenyewe, mara ya kwanza tangu azaliwe! Nilimtungia shairi, kila mstari hatua moja, akaliimba mpaka mwisho na fundo likakaza. Ila kamba alizizungushia na mguu wa meza. Aliposimama kwa maringo, meza ikamfuata hadi mlangoni, chai ikamwagikia baba mdogo.

Akafoka, "Mtoto mzembe huyu!" Nikamjibu vibaya. ~~Jioni nitamwomba radhi.~~ Siombi. Daktari si alishatuambia? Mikono ya mtoto huchelewa kupata maagizo ya kichwa, uzembe haumo.

Baba mdogo akaleta kisu akate kamba. Kidege akachomoa mguu, nami nikakalia kiatu.

Kidege kaenda shule na ndala, anacheka peke yake. Kaniachia agizo: "Kaka, mama alione fundo langu kwanza."

Basi litazame, ulisifu. Akirudi atalifungua mwenyewe. Shairi la kufungua nalitunga leo kazini.

Wageni wapitie mlango wa nyuma.

Mwanao mkubwa